Pale Kogo Anaponyamaza

Jumapili, 8 Desemba
Mazoezi ya kwaya baada ya ibada. Sauti ya tatu bado wanaimba kama wamemeza ugali moto. Kama desturi ya kanisa letu, kila nyumba imetaja wimbo wake wa Krismasi ili kwaya iuimbe. Mzee Koech anataka ule wa hori. Anasema ndio wimbo pekee unaoheshimu ng'ombe. Vijana wanataka wenye ngoma. Pasta anataka ule mrefu. Tutazeeka tukiuimba.

Nyumba yetu nimeandika wimbo wa Kogo, mama mkwe wangu. Aliutunga mwenyewe kwa Kipsigis: wachungaji wanafika Bethlehemu wamelowa umande. Hajatamka neno tangu kiharusi cha Agosti. Nataka aimbe. Hata mstari mmoja.

Jumatano, 11 Desemba
Shule zimefungwa, sifundishi, nashinda naye. Nimemwimbia jikoni beti zote tatu. Alitazama ukuta. Nikamwimbia tena baada ya chai. Ukuta. Mume wangu anasema subira huvuta heri. Si yeye anayeshinda hapa.

Jumapili, 15 Desemba
Kwaya imeushika tena wimbo. Kinanda kimekaa vizuri, mistari inafuatana bila kusita. Nilimleta Kogo mazoezini asikie. Ubeti wa pili akafumba macho. Alilala! Tuliporudi nyumbani nimeenda kulia kwenye zizi ili watu wasinione. Ng'ombe ameniona.

Jumatatu, 16 Desemba
Jambo la aibu, naliandika hapa tu. Mwaka jana nilimtoa Mama Wanjiru kwenye kwaya. Ana duka la mbegu na mbolea kwenye steji ya matatu ya Kapkatet. Kabla ya duka alichuma chai na Kogo miaka mingi, kwenye shamba letu hili hili. Kipsigis alikijulia hapo. Kila tukiimba wimbo wa Kogo, alinyamaza katikati ya mstari kisha akaendelea, amechelewa. Nikamwambia mbele ya wote kwamba hana mapigo, afadhali akae na wasikilizaji. Tangu siku hiyo ananiuzia mbolea bila kunitazama.

Leo nikiosha vyombo nimekumbuka. Kogo naye, akiimba jikoni, alinyamaza palepale. Nilidhani anapumua.

Jumanne, 17 Desemba
Nimeenda dukani. Kwanza nilizunguka steji mara mbili. Nimemwomba msamaha mbele ya wateja wawili na mtu wa bodaboda, maana nilimkosea mbele ya watu. Alimaliza kupima mbegu za mteja. Ndipo akasema: "Mwalimu, mimi sikuwa nachelewa. Hapo ndio majani inaingia kwa kikapu."

Akanionyesha. Mikono inachuma, inachuma, viganja vikijaa anarusha nyuma ya bega. Wakati wa kurusha, kimya. Kogo aliutunga akichuma. Nami nimeolewa kwenye chai miaka kumi na tisa, chai yangu nachumiwa, na ule unyamavu nimeufuta ili kinanda kipite. Mjinga mimi.

Ijumaa, 20 Desemba
Tumeanza upya. Kinanda hapana. Mama Wanjiru anauongoza wimbo huo, mimi niko nyuma. Amekubali kwa sharti moja: nichume kikapu kimoja kwanza. Nimechuma. Mgongo umekatika, vidole vyeusi. Wachumaji wamenicheka, eti nimechuma majani mazee ya kulisha mbuzi. Lakini sasa nikiimba mkono wenyewe unataka kurusha.

Naogopa. Akilala tena sijui nitafanya nini.

Jumatano, 25 Desemba
Kanisa lilijaa. Waliotoka Nairobi walikuja na viatu vyeupe, matope yakawakaribisha. Kogo tulimweka mbele, na blanketi yake.

Ubeti wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, tuliponyamaza, mkono wake wa kushoto ukatoka kwenye blanketi. Ukarusha nyuma ya bega. Tuliponyamaza tena, akarusha tena. Mama Wanjiru aliona, akasahau kuongoza, tukaendelea sisi wengine. Ubeti wa mwisho nikaona midomo. Neno moja, "umande," kwa Kipsigis. Lilitoka limepinda. Lilitoka mahali pake.

Mume wangu alilia mbele ya watu. Simcheki. Nilimshinda.

Alhamisi, 26 Desemba
Chai haijui sikukuu. Wachumaji waliingia asubuhi na umande wao. Nilimtoa Kogo nje, barazani, aone shamba. Mama Wanjiru hakufungua duka. Amekuja na mkate, akakaa naye.

Nilichukua kikapu nikaingia mstari wa mwisho, karibu na nyumba. Nilichuma polepole. Hakuna aliyeimba. Kila niliporusha majani niligeuka kutazama barazani, na mkono wa Kogo ulikuwa juu, nao ukirusha.

Kikapu hakikujaa.