Mtani Aliyesoma Masharti Yangu Msibani

Jumapili, mchana. Joto la kukera. Mawingu yamejikusanya upande wa Kwihara tangu asubuhi, yanatutisha tu, mvua yenyewe haiji.

Nimefagia uwanja, nikaufagia tena. Nimechemsha chai nikaisahau jikoni mpaka ikapoa. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kukaa. Mezani kuna karatasi za jaribio la aljebra zinazosubiri kusahihishwa na sijagusa hata moja.

Kinachonisumbua ni karatasi ambayo haimo.

Niseme kwanza kilichotokea. Baba Mkubwa alifariki Ijumaa, jana tumemzika Kwihara. Ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufa nikiwa mdogo. Alikuwa fundi seremala, kazi yake safi sana, lakini kwa kuchelewa hakuwa na mpinzani Tabora nzima. Kuna kitanda cha harusi alikipeleka wakati maharusi wenyewe wameshapata mtoto.

Mimi nimekua kinyume chake, labda kwa hasira za kumsubiri. Nafundisha aljebra mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa mjini, na muhula huu ndio wa kwanza kuachiwa somo zima peke yangu. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya darasa nikawasomea masharti kwa ukali niliokuwa nimeufanyia mazoezi nyumbani. Ukichelewa dakika kumi, mlango umefungwa. Simu ikilia, itoke na mwenyewe. Jibu bila njia halina alama. Na sharti la nne, ambalo nililirudia ili lisikike: jaribio halirudiwi. Ukilikosa ni sifuri, isipokuwa uwe na barua ya hospitali, au umefiwa na mzazi, mwenzi au mtoto, na unijulishe kwa maandishi kabla.

Nilijisikia mkubwa siku ile, nakiri.

Jaribio la pili lilikuwa jana asubuhi, saa zilezile za maziko. Nilimpigia simu mkuu wa idara, akasema pole sana mwalimu, nenda, akampanga mwenzangu asimamie. Basi, yakaisha. Mwenzangu akaandika kwenye kundi la darasa kwamba mwalimu amefiwa, maziko ni Kwihara, jaribio liko palepale.

Shomari akausoma ujumbe huo. Badala ya kwenda chuoni akapanda bodaboda akaja Kwihara.

Shomari ni mwanafunzi wangu, Mzaramo wa Kisarawe. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku hadi pwani kwao. Na mtani ana kazi msibani. Anamcheka marehemu, anawasumbua wafiwa, ili majonzi yasiwameze. Siku hizi watani hawapatikani kirahisi, na msiba wetu ulikuwa umepoa kupita kiasi. Mama Mkubwa hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mumewe afariki. Hakulia, alitazama ukuta tu. Niliogopa kwamba tutazika wawili.

Jeneza lilipokuwa linatolewa, akatokea mtu mlangoni akaziba njia. Shati kaligeuza ndani nje, gunia kiunoni, miwani ya waya usoni, chaki nyuma ya sikio. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule ni mimi.

"Nani amekupa ruhusa ya kuondoka?" akamfokea marehemu. "Barua iko wapi? Wapagazi wangu hawa! Babu zenu walifika kwetu ulimi nje, tukawapa maji, leo mnaondoka bila kuaga? Maisha yako yote umechelewa, mzee, leo ndiyo umejua kuwahi? Mlango umefungwa!"

Watu wakaanza kuguna. Shehe akageukia pembeni, akajifanya anakohoa.

"Na hili jibu tumeliona," akaendelea, kidole kwenye jeneza, kwa sauti yangu kabisa, hii inayopitia puani. "Njia iko wapi? Onyesha njia! Bila njia hapa hupati kitu."

Mama Mkubwa akacheka. Kilimtoka kicheko kikubwa, akajifunika khanga, kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka wanawake wakamshika huku na huku. Alipotulia akaomba uji. Mimi nililia kuliko yeye. Nilimpenda sana yule mzee na miaka yote nilikuwa nikimlalamikia muda.

Watu waliporudi kutoka makaburini nikamkuta Shomari ananawa miguu. Akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kana kwamba si yeye aliyeniaibisha mbele ya ukoo mzima. Nikamuuliza kama anajua kwamba jaribio limempita.

"Najua, mwalimu. Sharti la nne, si nimetoka kumsomea marehemu?" Kisha akaacha mzaha. "Ila usiniongezee kitu. Mtani hulipwa kuku. Halipwi alama."

Tukampa kuku wake, akapanda bodaboda akaondoka.

Kwa sifuri hiyo hafikishi alama za kuingia mtihani wa mwisho. Atalirudia somo mwakani, na anajua. Nami tangu jana jioni natafuta namna ya kumwokoa. Ningeweza. Nani angeniuliza?

Lakini kila nikikaribia kuipata hiyo namna, namwona Winfrida.

Winfrida ametoka Usinge. Anakaa mstari wa nyuma na hana makuu. Alikosa jaribio la kwanza kwa sababu bibi yake, aliyemlea tangu mchanga, alifariki. Aliniandikia kabla, kama nilivyotaka. Nikamjibu kwamba masharti yanataja mzazi, mwenzi na mtoto. Bibi hayumo. Akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda kukaa.

Baba Mkubwa naye hayumo.

Hakuna aliyenisomea hilo juzi nilipopiga simu. Niliambiwa pole, nenda. Nikimrudishia jaribio Shomari peke yake nitakuwa nimelipia kicheko cha Mama Mkubwa kwa kitu kisicho changu, na yule aliyefuata kila neno langu atabaki na sifuri yake. Roho inaniuma. Naona aibu hata kuingia darasani.

Kwa hiyo, ewe shajara, nimeamua. Alhamisi kutakuwa na jaribio kwa kila aliyekosa kwa msiba, msiba wowote, la kwanza au la pili. Shomari akigoma nitamwambia kuku alikuwa wa utani, hili ni la aljebra, na ukichelewa dakika kumi mlango umefungwa.

Sharti la nne nimelifuta. Najaribu kuliandika upya na kila nikifika pa kutaja ndugu wa karibu ni nani, nakwama.

Kesho nitamwita Winfrida kabla ya wote. Sitaanza na habari za jaribio. Nitampa pole, kisha nitamuuliza nililopaswa kumuuliza siku ile: bibi yako alikuwa anaitwa nani?