Watoto wa Mensa

Kwako dada,

Natumaini kifua kimekuachia na watoto hawajambo. Sisi tu wazima. Mgonjwa ni subira yangu, na aliyeilaza kitandani ni baba.

Tangu astaafu ukalimani, kang'ang'ania neno moja la Kilatini, mensa, yaani meza, na anafuatilia uzao wake kama mtu anayetafuta warithi. Kila mtoto ana karatasi yake: mesa wa Wahispania, mesa wa Wareno, aliyefika kwetu akaitwa meza, masă wa Waromania, ambaye ni meza na ni mlo pia, na yule wa Waitaliano aliyebaki na jina la mama, ila siku hizi kazi yake ni kulisha wafanyakazi kantini. Wafaransa hataki hata kuwasikia. Eti walimtelekeza bibi wa watu, wakamchukua tabula, ubao mtupu, wakampa cheo.

Na karatasi hizo kazitandaza wapi? Mezani, dada! Meza nzima, na mawe juu yake zisipeperuke. Sisi tunakula tumepakata sahani kama tunasubiri basi. Juzi mchuzi ulinimwagikia surualini. Wifi yako alicheka weee, kisha akauliza, kwa sauti ya kufika chumbani kwa mzee, kama huyo bibi wa Kilatini anachangia kodi ya nyumba. Baba akajibu kwamba asiyejua meza ilikotoka asiweke kiwiko juu yake.

Jumapili nikachoka. Nikamwambia Jumamosi tuna mgeni, aondoe vitu vyake. Akaondoa huku akinung'unika, Wareno kabatini, Waromania chini ya kitanda. Upande wa dirishani hakuugusa. Nilipotaka kumsaidia alinishika mkono, akasema pale nipaache, pakibaki wazi panamkodolea macho.

Ni pale ulipokuwa ukikaa wewe, mpaka siku ile mliporushiana maneno ukaondoka na sahani haijaisha. Kumbe muda wote huu nimekuwa nikigombana na Kilatini bure.

Sasa nikwambie nililofanya, na ukasirike ukiwa huko huko. Nilimwambia mgeni ni wewe. Asubuhi nikakuta upande wa dirishani umepanguswa, na kiti kimerudishwa.

Ukija, usimtajie Wafaransa. Usipokuja, mwambie wewe mwenyewe azitandaze tena karatasi zake. Mimi siwezi.

Wifi yako anakusalimu sana, anasema uje na njaa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye suruali ya mchuzi.