Sanduku la Kroke

Jumamosi, 3 Mei
Kroke bustanini saa tatu, kama kawaida. Nyasi zina umande. Tuko watatu tu: mimi mwalimu mstaafu, Mzee Rono aliyekuwa dereva wa lori, na Mama Kamau wa duka la vitambaa. Nyundo za kugongea, mipira na magoli madogo ya waya ya kuipitishia, vyote katika sanduku moja, vilitoka kwa mzungu wa Kabazi ambaye babake Mama Kamau alikuwa mpishi wake. Kanuni nyingine tulijitungia. Anayeshinda anaenda na sanduku kwake, na ndiye hupigiwa simu Ijumaa kuulizwa kama mchezo upo.

Mama Kamau ameshinda. Tena. Nimeudhika, na umri huu wote.

Ijumaa, 9 Mei
Mvua. Simu haijalia wiki nzima. Watoto wako Nairobi na Eldoret, wana yao. Tangu nimzike mke wangu, anayezungumza humu ndani ni redio. Na ile simu ya Ijumaa, nikiwa na sanduku.

Kesho lazima nishinde.

Jumamosi, 10 Mei
Nimeshinda. Naona haya.

Mpira wa Mama Kamau, ule wa kijani, ulikuwa umebakisha goli moja. Nikaugonga kwa wangu, kisha nikautwanga hadi mtaroni. Kanuni inaruhusu. Lakini hatujawahi kufanyiana hivyo. Aliingia matopeni na viatu vyake vizuri, akautoa mwenyewe, akaupangusa kwa leso.

"Mwalimu, si ungesema tu unataka sanduku. Ningekupatia."

Rono aliangalia kando. Nimetembea na sanduku hadi nyumbani, mkono unauma.

Ijumaa, 16 Mei
Sanduku liko mezani. Simu iko kando yake. Nimeichaji mara mbili.

Kimya.

Jumamosi, 17 Mei
Nimeenda hata hivyo. Nikasimika magoli. Saa nne, hakuna mtu. Mpiga picha wa bustani akaniuliza, "Mzee, leo uko peke yako?" Nikamwambia wanakuja. Uongo.

Nikacheza mipira yote mitatu, zamu kwa zamu, bila kupendelea. Wa kijani umeshinda. Nilikaa kwenye benchi nikitafuta sababu ya kubisha, nikakosa.

Kanuni ni kanuni. Nimepeleka sanduku dukani kwake. Hakuwepo. Nimemwachia fundi cherehani wa mlango wa pili, nikamwambia aseme Mama Kamau ameshinda.

Ijumaa, 23 Mei
Meza imekuwa kubwa. Nimepika ugali wa mtu mmoja na bado umebaki.

Nimeketi nikingoja simu, kwa mazoea tu. Halafu nikakumbuka. Mwenye sanduku ndiye hupigiwa. Na Mama Kamau akiwa nalo mimi hujiendea tu. Miaka yote hii sijawahi kumpigia hata mara moja.

Nimepiga saa kumi na mbili. Nimemuuliza kama mchezo upo kesho.

"Kama haitanyesha, Mwalimu."

Nimezima redio ili nisikie mabati.