Wimbo Nilioupiga Kwenye Filamu Yako

Halberstadt, 14 Machi 1920

Kaka Alwin mpendwa,

Unisamehe, nimekaa miezi miwili bila kukuandikia. Mwanangu Lore anaota meno na silali, lakini hiyo si sababu. Naona haya.

Filamu bubu uliyoigiza ilifika hapa, nami ndiye niliyeipigia kinanda kama kawaida. Kwenye kile kipande unachomshika mwanamume mwenzako mkono na kumwambia unampenda, Bwana Kestner, mwenye ukumbi, aliniinamia sikioni. "Piga ile ya kuchekesha, Friedel, watazamaji wasije wakatuvunjia viti kwa hasira." Nikaipiga. Wewe unalia pale kwenye pazia la filamu, ukumbi mzima unakucheka. Jirani yangu akaniuliza, "Huyo si kaka yako?" Nikamjibu, "Wamefanana tu."

Wewe na Emil wako mnapendana kweli, si kwenye filamu tu, najua tangu zamani, na bado nilikukana.

Jumamosi inaonyeshwa tena. Nimeshamwambia Kestner, "Safari hii napiga ya huzuni, au utafute mpigaji mwingine." Amenuna, lakini mwingine hana.

Basi nitumie kabla ya Ijumaa: noti za muziki wa kipande kile, makopo mawili ya maziwa ya Lore, na picha yako kubwa, uiandike "kwa dada yangu". Nitaiweka juu ya kinanda, waione wakiingia.

Dada yako,
Friedel