Namba Iliyoingia Kapuni

Jumatatu, 2 Juni

Bosi kaingia chumba cha simu za dharura na tai mpya. Nikajua tuna wageni. Kumbe sisi ndio tunaoitwa – Jumatano ya wiki ijayo, mbele ya kamati ya bunge, kuomba ada ya dharura ipandishwe. Ile ada ndogo inayokatwa kila mwezi kwenye kila laini ya simu ya mkononi. Ndiyo inayolipia mitambo, umeme, mshahara wangu, hata kiti hiki kinacholia nikijigeuza.

Wakikubali, tunapata mtambo mpya. Ramani itakayotuonyesha mpigaji yuko wapi hasa. Na watu wataweza kutuandikia meseji. Sasa hivi tunaona mnara tu! Chini ya mnara mmoja kuna watu elfu kumi, nami nauliza, upo karibu na nini? Mtu anajibu, karibu na kwa yule mama wa mkaa. Miaka kumi na moja nawatafuta akina mama wa mkaa.

Jioni mama mkwe kanionyesha meseji ya makato kwenye simu yake. Kasema hajawahi kupiga namba ya dharura tangu azaliwe, kwa hiyo arudishiwe zake. Mume wangu akamwambia basi amshukuru Mungu. Akasema Mungu hamkati. Tumecheka mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 3 Juni

Sijui nianzie wapi.

Bosi kapata shahidi wa kumpeleka kwenye kamati. Mama mwenye duka la vifungo na zipu. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa koo, sauti ikaenda moja kwa moja. Anaongea kwa kuandika kwenye daftari, mwandiko mzuri wa mviringo.

Mimi namjua. Yaani, najua kucha zake. Januari alianza kutokwa damu kwenye kidonda, yuko peke yake nyumbani. Akapiga. Simu ikaingia kwangu – kimya, kisha nikasikia mtu anagonga simu kwa kucha. Nikamwambia, gonga mara moja kama ndiyo, mbili kama hapana. Nikamtajia mitaa iliyo chini ya mnara ule, mmoja mmoja, mpaka akagonga mara moja. Dakika kumi na nne gari la wagonjwa likawa mlangoni. Nilipewa cheti. Nimekitundika sebuleni, nisijifanye hamnazo.

Leo alipoingia akaandika: "Wewe ndiye dada wa kugonga?" Akanikumbatia mbele ya zamu nzima. Wenzangu wakapiga makofi. Nilijisikia mtu wa maana. Naandika hili makusudi, nilijisikia hivyo kwa dakika tano nzima.

Halafu akaandika mengine. Katikati ya Aprili mumewe, fundi cherehani, alianguka akiwa anashona. Kiharusi. Mama akatupigia. Akasikia mlio mmoja, kisha simu ikakatika. Akapiga tena. Mara sita. Mwishowe akatoka barabarani akasimamisha gari la maji kwa kulikalia mbele. Walifika hospitali saa moja na nusu baadaye. Mkono wa kulia wa fundi haufanyi kazi tena. Aliandika, "Daktari alisema kama angefika mapema", akaacha hapo bila nukta.

Bosi akamwambia kwa upole kwamba huo ni mtandao, mama, ndiyo maana tunaomba mtambo mpya. Akatikisa kichwa kukubali. Nami nikatikisa.

Mlio mmoja kisha kimya. Naujua mlio ule. Sitaki kuandika zaidi leo.

Alhamisi, 5 Juni

Lazima niandike. Hapa hanisomi mtu.

Kwetu kuna kitu tunakiita kapu. Simu za kimya ni mamia kwa siku – simu za mfukoni, za watoto, za walevi wanaosikiliza tu. Zinachafua takwimu. Bosi anapeleka takwimu juu kila mwezi, na takwimu mbaya zinafanya watu waulize ada inakwenda wapi. Kwa hiyo namba ikipiga kimya mara tatu inaingizwa kapuni kwa siku thelathini. Inaita mara moja, mtambo unaikata, hakuna anayejua. Namba haiingii bila sahihi ya msimamizi wa zamu.

Msimamizi wa zamu ya mchana ni mimi.

Jana nilibaki baada ya zamu nikafungua kumbukumbu. Ijumaa ya tarehe 4 Aprili, namba 214 kwa mpigo. Ya 88 ni yake. Sahihi yangu chini, ule mkia wake wa madaha. Nakumbuka Ijumaa ile. Nilikuwa nawahi kumchukua binti yangu kwa daktari wa meno. Sikusoma hata namba moja.

Kwa nini alihesabiwa kimya? Kwa sababu Machi alipiga mara tatu, sijui kwa shida gani, akaulizwa na vijana wapya, "Haloo? Haloo?" Akawa anagonga, nimemsikia kwenye rekodi. Nao hawakujua kugonga ni nini. Kwenye fomu wakaandika: kimya.

Na kwa nini hawakujua? Hapa ndipo aibu yangu inapokaa. Januari, kabla gari halijafika kwake, nilimwambia asiogope, namba yake nimeiandika, siku nyingine akipiga tu tutajua ni yeye. Nilimwahidi kwa sauti yangu hii ya kazini inayosifiwa. Niliiandika kweli – kwenye kikaratasi cha njano, nikakibandika pembeni ya kompyuta. Mtambo wetu hauna mahali pa kuweka mambo kama hayo, ningetakiwa kuandika barua, ipitishwe, wote wasome. Nikasema kesho. Kikaratasi kikaanguka wakati wa usafi. Nilikiona sakafuni, najua nilikiona. Nilidhani ni cha mtu mwingine.

Namba ilishajitoa kapuni yenyewe Mei. Hakuna alama iliyobaki isipokuwa ile sahihi.

Zile nyingine 213 nimeanza kuzipigia kwa simu yangu. Nimefika ya kumi na tisa. Wengi hawajui hata kama walipiga. Mzee mmoja kaniuliza namtafutia nini, kisha akanisimulia habari za ng'ombe wake. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Mtu mmoja hakusema kitu, akakata.

Jumamosi, 7 Juni

Jana nimemwambia bosi. Nilijikaza, nikafunga mlango, nikasema yote. Nilitaka agombe. Hakugomba. Alivua miwani, nikaona ni mtu aliyechoka, si mtu mbaya.

Akasema kapu alilibuni yeye, kwa sababu kabla ya hapo watu walikuwa wanasubiri dakika nne kupokelewa, na dakika nne zinaua. Kweli. Akasema kamati ikisikia neno kapu siku ya Jumatano, ada imekufa, magazeti yatatukaanga. Ada ikifa hakuna ramani, hakuna meseji, na akina mama kama huyu wataendelea kugonga. Akaniuliza kama ndicho ninachotaka.

Kisha akaniambia, kama vile amekumbuka kitu kidogo, kwamba mama ameomba nimsomee maneno yake mbele ya kamati. Anataka sauti yangu. Bosi aliona ni jambo zuri, lingewagusa waheshimiwa.

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda kwa mama wa vifungo kuchukua maelezo nitakayomsomea. Chumba cha mbele, cherehani imefunikwa shuka, vifungo kwenye makopo ya maziwa, kila rangi na kopo lake. Fundi amekaa dirishani na mto chini ya ule mkono.

Mcheshi, jamani. Ulimi wake umekuwa mzito kidogo lakini maneno yanatoka. Kaniangalia juu mpaka chini akasema shemeji, bega lako la kushoto limeshuka, aliyekushonea blauzi hiyo hakuliona, arudishe hela. Kasema yeye angeweka pedi nyembamba upande mmoja tu na hakuna ambaye angejua. Mkewe akampiga begani kwa daftari. Wakacheka, yeye kwa sauti, mkewe kwa mabega.

Kisha akataka kunionyesha anavyojifunza mkono wa kushoto. Akachukua sindano na uzi. Tulimsubiri. Uzi haukuingia. Mkewe hakumsaidia, akawa anapanga makopo ambayo tayari yamepangwa. Baada ya muda fundi akasema mwanga hautoshi leo. Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa dirisha zima.

Nilitaka kusema pale pale. Midomo ilifunguka kabisa. Nikaomba maji.

Maelezo yake ni ukurasa mmoja. Nusu nzima ananishukuru. Ameandika kwamba Januari alijua kuna mtu upande wa pili, na hilo ndilo lililomfanya apige mara sita Aprili. Mtu mwingine, ameandika, angekata tamaa baada ya mara mbili akakimbilia barabarani mapema.

Nimeisoma sentensi hiyo kwenye kituo cha basi, nikaisoma tena nyumbani, chooni. Alichelewa kwa sababu aliniamini mimi. Mwizi ana nafuu, anajua alichobeba.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia mume wangu jikoni, kwa sauti ya chini. Kasema nisijiue kwa kosa la mtambo. Nikamwambia mtambo haukuweka sahihi. Kasema tuna ada ya shule Septemba, nifikirie. Nimefikiria. Namlaumu, na huku nafurahi kwamba amenipa kisingizio.

Kumbe mama mkwe alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Sijui alisikia tangu wapi. Aliuliza kitu kimoja tu: kwa hiyo miezi yote hii yeye alikuwa analipia hilo kapu?

Akaenda kuanika.

Nimekishusha kile cheti sebuleni. Ukutani pamebaki mraba mweupe, binti yangu kauliza kimekwenda wapi. Nimesema nakifuta vumbi.

Namba: nimefika ya 140. Mbili kati ya hizo kapokea mtu ambaye si mwenyewe. Mmoja alisema mwenye simu alifariki Aprili. Sikuuliza tarehe. Nimeogopa kuuliza tarehe.

Jumatano, 11 Juni

Mapumziko. Dakika kumi na tano. Naandika nimekaa pale pale mezani, daftari langu juu ya mafaili, watu wanadhani ni kazi.

Ukumbi una kapeti nene, nyayo hazisikiki. Bosi alianza vizuri. Michoro, ramani, kiasi kinachoombwa kwa kila laini. Mheshimiwa mmoja kasema wananchi wamechoka kukatwa. Mwenyekiti, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba, akamwambia angoje ushahidi.

Nikasoma. Sauti haikutetemeka, inajua kazi yake kuliko mimi. Nilizisoma shukrani zangu mwenyewe mbele ya watu arobaini. Nilipofika "dada huyu alinitafuta mtaa kwa mtaa" mtu mmoja nyuma akajifuta macho. Niliona uso unawaka mpaka masikio. Bosi akaniangalia kana kwamba nimefanya vizuri sana.

Yule mheshimiwa wa makato kanyamaza. Nadhani ada inapita. Naiona kabisa inapita.

Kisha mwenyekiti akauliza swali. Alitaka kujua kila mara mama alipopiga alisikia nini hasa, kwa sababu, alisema, mtandao ukiwa chini simu haiiti kabisa. Hapa iliita mara moja. Akasema aliwahi kufanya kazi kampuni ya simu zamani, asamehewe udadisi wake. Bosi akakohoa. Mama akaanza kuandika, akaandika sana, mwenyekiti akasema basi tupumzike, akimaliza tutasomewa.

Amemaliza. Kanipa ukurasa na kwenda kumwandikia jirani meseji, kuuliza kama fundi amekula. Ameandika hivi:

"Mara sita. Kila mara iliita mara moja, ikakatika. Sijui kwa nini. Dada huyu amekaa kwenye mtambo miaka mingi, anajua kuliko sisi wote hapa. Naomba awaeleze yeye. Atakachosema nitaridhika nacho, na mume wangu nitamweleza hivyo hivyo."

Bosi kasoma juu ya bega langu. Kasema nisome sentensi mbili za mwanzo, zinatosha, zilizobaki atajibu yeye kitaalamu. Kasema kwa sauti ndogo kabisa, karibu ya kuomba. Kisha akaninyooshea glasi ya maji.

Nikisema, nawavunjia wengine wote mtambo. Nisiposema, leo usiku mama atakwenda kumwambia mumewe uongo wangu, na kwa kuwa hana sauti atauandika, na utakaa pale kwenye daftari lake kwa ule mwandiko wake mzuri.

Wanaingia. Mwenyekiti amevaa miwani yake, anautazama ukurasa ulioko mkononi mwangu. Mama amerudi. Fundi amekula, kanionyesha meseji. Amekaa kando yangu, amevuta kipaza sauti, anakiinamisha taratibu kifike mdomoni kwangu –