Hapana Tatu kwa Siku

Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo uliyompa dereva wa lori imenifika, marahaba. Natumaini huko kwenye kambi ya wajenzi wa barabara greda lako halijakuvunja mgongo, na wifi bado hanyanyuki kitandani, kama daktari alivyomwamuru mpaka ajifungue. Barua hii isome kwanza peke yako. Ningepiga simu, ila kwenye simu ningebishana, unanijua. Huku cherehani zinakwenda, na mafundi wangu wawili bado wanagombania kiti cha dirishani.

Unakumbuka siku uliyomleta binti yako Bibie nikulelee. Mtoto wa miaka sita, akajitupa sakafuni kwa kuwa nilimkatalia mkasi, nawe ukaanza kunibembeleza mimi: mpe tu, dada, atanyamaza. Nilikwambia wazazi wa siku hizi mnalea watoto kama mnahudumia wateja. Mnaogopa kilio cha leo, hamwogopi mtu mzima atakayekuja kuwasumbua wenzake kesho. Maneno yale siyarudishi hata sasa.

Basi nikaanza somo. Hapana tatu kila siku, hata kwa kitu ambacho ningeweza kumpa. Akiomba chai, hapana. Akiomba kukaa dirishani, hapana. Nikamfundisha la kufanya: avute pumzi, ahesabu mpaka kumi, aseme sawa shangazi, kisha aende akaokote vipande vya vitambaa. Wiki ya kwanza alilia mpaka akatapika. Fundi wa vifungo, yule mwenye mdomo, aliniuliza kama nalea mtoto au nafunza askari. Akasema mtoto hukatazwa kwa sababu, tena aambiwe sababu yenyewe. Hakatazwi kwa mazoezi. Nikamjibu kwamba mwanawe mwenyewe humtuma yeye dukani, kwa hiyo anyamaze. Chumba kizima kikacheka.

Na somo likamwingia. Mwezi wa pili nikawa namwonyesha kwa wateja kama gauni la harusi. Namwita, namwambia aombe kitu, namkatalia, nao wanaona: pumzi, kumi, sawa shangazi. Mama mmoja akasema bora nimchukue na wa kwake. Kichwa kikanivimba.

Sasa nikwambie. Jumatatu ya wiki iliyopita alisimama kando ya cherehani yangu, akasema shangazi naomba unitazame. Nilikuwa nashona kola, na hapana ya tatu ya siku ile ilikuwa haijatoka. Nikaitoa. Hakuendelea. Alihesabu kimya, akasema sawa, akaondoka akitembelea kisigino. Nilimwona, mdogo wangu. Nilimwona anatembelea kisigino, nikajiambia anadeka.

Ilikuwa ncha ya sindano ya cherehani, imevunjikia chini ya kidole gumba cha mguu. Siku sita aliikanyaga ndani ya soksi, anaokota vitambaa vyangu. Harufu aliisikia fundi wa vifungo, akamvua soksi mwenyewe. Alipomuuliza kwa nini hakusema, mtoto akajibu kwamba alishaomba, ikawa hapana.

Hospitali wamemkata vidole viwili. Mguu wenyewe wanautazama siku hadi siku, hawaahidi kitu.

Jana niliketi kitandani kwake nikamwomba anisamehe. Akanitazama kwa upole kabisa, akasema hapana, shangazi. Nikaomba tena. Hapana. Nikapiga kelele, mdogo wangu, mimi mwenye miaka hamsini. Nikapigapiga chuma cha kitanda mpaka wauguzi wawili wakaja kunitoa. Nikiwa mlangoni nikamsikia, kwa sauti ileile niliyomfundisha nayo, ananielekeza nivute pumzi, nihesabu mpaka kumi.

Nimejaribu tangu jana. Sijapita nne.

Njoo. Mwombe msimamizi wako ruhusa, akikataa ondoka vivyo hivyo. Bibie hajakuulizia. Muuguzi alimuuliza kama anataka baba yake aitwe, akasema asisumbuliwe, itakuwa hapana. Kwa hiyo ninayekuomba ni mimi.

Wifi umwambie utakavyoweza. Fundi wa vifungo anakusalimu; hasemi nami, lakini kila asubuhi kabla ya kazi hupita wodini na chupa ya chai.

Ni mimi, dada yako.