Nimechukua Kwako, Baba

Bukene

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, nafundisha, nakula, ingawa maharage ya huku Bukene hayajui kuiva.

Juzi nilikuwa na kipindi cha “take after”, ile uliyotufundisha mwenyewe darasa la sita. Wanafunzi waliitafsiri neno kwa neno, wakasema ni kuchukua baada ya mtu. Doto akatunga sentensi kwamba yeye huchukua ugali baada ya kaka yake. Nilicheka mpaka nikakaa. Kisha nikawaeleza kama ulivyotueleza sisi: ni kufanana na mzazi kwa sura au mwenendo, na Kiswahili nacho husema mtoto kachukua kwa baba yake. Hapo msichana mmoja akasema basi mwalimu kachukua kwa baba yake, maana hapa hakuna mwanamke mwingine anayetembea bega moja chini.

Nikakumbuka Jumamosi zetu za kwenda Kwihara kwa miguu. Ulitangulia, bega la kushoto limeshuka, ukinisimulia kwamba babu wa baba yako alitembea hivyo chini ya mizigo ya misafara hadi pwani, na ukoo mzima ukabaki hivyo. Nami nyuma yako nikishusha langu. Natamani mno siku zile, Baba.

Sasa nikuambie. Mama mdogo Dafrosa amenieleza kwamba ulimwoa marehemu mama akiwa tayari na mimba yangu, mimba ya mtu wa Nzega. Akasema tena kwamba uliposikia Revocatus anataka kuleta posa, ulimtuma yeye mama mdogo aniambie washenga waende huko Nzega, kwa wenye damu yao. Nililia, sikufichi. Kisha nikakasirika, na niliyemkasirikia ni wewe. Umenilea miaka yote hiyo, leo unanirudisha kwa watu nisiowajua hata kwa salamu?

Nzega hawaendi. Nimewaelekeza Itetemia, kwako, Jumapili baada ya misa. Shangazi Ngollo atapika, nimeshazungumza naye.

Nisalimie majirani wote, na padri ukimwona. Washenga wakiuliza kama hapo ndipo kwa baba wa binti, tafadhali usiwape historia. Jibu ndiyo, uwakaribishe ndani.

Ni mimi binti yako,
Bernadeta Ambrosi